Mwalimu Breki Ananunua Ndege za Vita

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na hakuna mwanafunzi aliyeegesha gari mahali pasipo pa gari tangu niondoke. Msalimie sana mkeo, Mama Mkate. Mwambie ile mikate mitatu aliyonifungia niliimaliza kabla basi halijafika nusu ya safari, na sijutii.

Mimi sijambo. Nimepata kazi, tena ya cherehani kama nilivyotaka, ila si ya magauni. Kiwanda kinatengeneza ndege za kijeshi zisizo na rubani, hizi wanazoziita droni. Kila ndege ina parachuti mgongoni, limekunjwa ndani ya mkebe. Ndege ikipata matatizo angani, mkebe unafunguka, parachuti linatoka, na ndege inashuka polepole badala ya kusambaratika. Hayo maparachuti ndiyo ninayoshona mimi. Nailoni inateleza na kukimbia chini ya sindano, lakini unanijua, mshono wangu haukubali kuachia.

Tunakaa bwenini, ndani ya uzio. Simu tunaziacha getini kwenye kabati lenye namba, na miezi sita ya mwanzo hakuna ruhusa ya kutoka. Kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani. Kila barua inapita kwa Mkaguzi, bwana mmoja mwenye miwani na mhuri, ambaye kazi yake ni kusoma barua zetu na kupaka wino mweusi pale anapoona siri. Ukijibu, msalimie, maana atakuwa wa kwanza kusoma.

Utaratibu wa nyumbani unaujua: habari mbaya haziandikwi. Bibi alikataza tangu ile barua ya msiba ifike siku ya harusi na kusomwa kwa sauti pamoja na kadi za pongezi. Kwetu mwenye habari mbaya anapanda gari, anakuja, anakaa, anapewa chai, ndipo anasema. Basi ukiona naandika mazuri matupu, ujue naheshimu utaratibu.

Na tanuri je? Miaka minane Mama Mkate anaweka akiba, na aliniambia mwezi wa nane analinunua. Lile la zamani mlango wake bado umefungwa kwa waya? Niambie.

Mpwa wako,
Sindano


21 Februari

Kwako mpwa wangu Sindano,

Marahaba. Barua imefika siku ya kumi na moja, ina mhuri wa IMEKAGULIWA mkubwa kuliko stempu. Salamu kwa bwana Mkaguzi. Mwambie alama za uandishi nimeziona ziko sawa, na kama ni yeye aliyerekebisha, ahsante.

Sisi hatujambo. Mgongo unalalamika ninapofunga breki ya ghafla, na kwa kuwa kazi yangu ni kufunga breki za ghafla kutoka kiti cha abiria, unalalamika kutwa. Mtaani bado wananiita Mwalimu Breki, na sasa hata posta wanaandika hivyo. Nina mwanafunzi muuza nyama ambaye akifika kwenye kona anafumba macho. Anadai akifumba anaiona vizuri zaidi. Mama Mkate anakusalimu, yuko mbele ya lile tanuri lake, mlango bado ni wa waya.

Sasa nisikilize. Nimeifikiria sana hiyo ndege isiyo na rubani. Mimi ni mtu wa usukani. Miaka thelathini na moja nawasihi watu waushike kwa mikono miwili, na ukiniambia kuna chombo kinatembea bila mtu wa kukishika, damu inanichemka. Lakini nilipotulia nikakumbuka kwamba ajali zote nilizowahi kuziona zililetwa na dereva. Ondoa dereva, umeondoa ajali. Nashangaa sikuligundua hili mapema, ningejiokolea mgongo.

Je, biashara hapo inakwenda? Wateja wapo? Nauliza tu, sina jambo. Redioni nimesikia kwamba kampuni yenu inawauzia wananchi hisa.

Tanuri lipo kwenye mipango.

Mjomba wako


15 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Muuza nyama mfunge kamba ya kichwa, labda macho yatakaa wazi. Mimi sijambo, nimenenepa kidogo, chakula hapa ni kizuri na kitanda changu kiko karibu na dirisha.

Umeuliza kama biashara inakwenda. Kazi imepamba moto. Nilipofika tulikuwa mafundi wanne wa cherehani, sasa tuko kumi na saba. Tunashona maparachuti kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na bado hayatoshi. Kuna bwana ana trekta, kazi yake kila mchana ni kwenda uwanjani na (hapa mistari minne imepakwa wino mweusi). Lakini mchuzi wa jana ulikuwa mtamu sana.

Kuhusu hisa, mjomba, (mstari mmoja na nusu umepakwa wino mweusi). Ningekuwa nyumbani ningekuambia ana kwa ana, unajua mimi si mtu wa kuficha. Nakuomba usifanye jambo lolote mpaka nije mwezi wa nane. Nimesema lolote.

Mbona tanuri umelijibu kwa maneno manne tu? Wewe huwa huwezi kueleza hata taa nyekundu kwa maneno manne.

Sindano


2 Aprili

Kwako mpwa wangu,

Marahaba, na pole na kazi nyingi. Huku mvua imeanza na vifuta-kioo vya gari vimekufa, kwa hiyo wiki hii nimefundisha nadharia, watu sita sebuleni wameshika masufuria kama usukani. Mama Mkate ameyadai masufuria yake mara mbili.

Barua yako niliisoma nikaielewa kuliko wewe ulivyodhani. Kutoka mafundi wanne hadi kumi na saba kwa mwezi mmoja! Na maparachuti hayatoshi! Hata ule wino nimeuelewa. Mtu hafichi umaskini wake kwa mistari minne. Uliponiambia nisifanye lolote hadi mwezi wa nane, nikajua huo ndio mwezi bei itakapopanda, na wewe kwa adabu yako hukutaka kulisema wazi mbele ya Mkaguzi. Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa wakala wao, nikanunua.

Kwa hiyo mpwa wangu, kwa namna fulani sasa wewe ni mfanyakazi wangu. Sitaki uninyenyekee, endelea na shikamoo ya kawaida. Ila mfikishie mkurugenzi maoni yangu kama mwenzake. Kwanza, ndege ipewe angalau usukani wa bandia, kwa ajili ya heshima. Pili, indiketa. Jeshi likitaka kukata kushoto angani, wengine watajuaje? Tatu, wasisahau rivasi.

Hati ya hisa nimeificha chini ya tairi la akiba, maana ni nyaraka nyeti. Mama Mkate usimwandikie habari hii. Nataka kumshtukiza.

Mjomba wako, mwenye kampuni


28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima? Mimi mzima wa mwili.

Hizo hela ni za nani?

Najibu kwanza maoni yako: mkurugenzi sijamwona, na nikimwona sitamwambia habari ya indiketa. Sasa kuhusu kazi, kwa kuwa mengine hayapiti kwa Mkaguzi, nikukumbushe hadithi ya nyumbani tu. Unamkumbuka yule mwanafunzi wako tuliyekuwa tukimwita Bwawa? Yule aliyetoka barabarani, akakata bustani ya jirani, akaingiza gari kwenye bwawa la bata, maji yakamfika kiunoni, halafu akakugeukia akasema ameshaegesha? Basi mjomba, kila siku hapa kazini nikitazama angani, namkumbuka Bwawa. Asubuhi namkumbuka, mchana namkumbuka. Jana nilimkumbuka mara kumi na moja.

Natumaini umenielewa. Tafadhali nielewe.

Sindano

(Pembeni, kwa penseli: Imekaguliwa. Haina siri. Ila naomba kujua, wale bata walipona? — Mkaguzi)


19 Mei

Kwako Sindano, na kwako bwana Mkaguzi,

Marahaba. Bata walipona wote, mmoja alihama.

Sisi ni wazima. Muuza nyama amefungua jicho moja, ni maendeleo. Vifuta-kioo nimenunua.

Mpwa wangu, maneno yako juu ya Bwawa yalinitoa machozi. Sikujua kama unamkumbuka kwa upendo namna hiyo. Huenda hukupata habari zake baada ya pale. Yule kijana alifeli mtihani mara nane. Mara ya tisa akafaulu, na leo ndiye dereva wa basi la shule, watoto arobaini, hajawahi kukwaruza hata kioo. Katika wanafunzi wangu wote hakuna ninayejivunia kama yeye. Kwa hiyo uliponiambia ndege zinakukumbusha Bwawa, tena mara kumi na moja kwa siku, nilielewa hapo hapo: zinaanza kwa kusuasua, zinaishia juu. Kesho yake nikarudi kwa wakala nikanunua nyingine, hadi hela zikaisha.

Kuhusu swali lako la hela ni za nani, nimelisoma mara tatu. Huku hali ya hewa ni nzuri. Jirani amepaka ukuta rangi ya kijani.

Mwezi wa nane hauko mbali. Mama Mkate ameanza kupima mlango wa duka kwa kamba, anataka kujua kama tanuri jipya litapita. Juzi aliniomba nishike upande mmoja wa kamba. Nikashika.

Mjomba wako

Nyongeza: Ni za tanuri. Zote.


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nyongeza yako niliisomea bafuni, nikakaa huko mpaka wenzangu wakagonga mlango.

Sitakugombeza, wewe ni mkubwa wangu. Lakini nitasema hili moja, na Mkaguzi akitaka amwage chupa nzima ya wino. Mama Mkate anaamka kabla ya jogoo tangu mimi nikiwa na meno ya utoto. Mkono wake wa kulia una alama tatu za kuungua na mlango ule wa waya. Mimi ada ya mafunzo ya ushonaji nililipiwa na mikate. Kama ni lazima ucheze, cheza na vifuta-kioo.

Tarehe sita Agosti kampuni itafanya maonyesho makubwa. Watakuja maofisa wa jeshi kutoka nje, wanunuzi, na wenye hisa wote wataletewa kadi ya mwaliko. Kadi yako ikifika, panda basi uje. Usiniulize kwa nini. Mimi kutoka siruhusiwi, kwa hiyo safari hii ni wewe utakayefunga safari, na chai nitakupa mimi.

Mpaka hapo usimwambie mtu neno lolote na usinunue hata kiberiti.

Sindano

(Pembeni, kwa penseli: Njoo, bwana. Mimi pia ninazo. — Mkaguzi)


17 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Maji yamenifika shingoni.

Kuna jambo sikukuambia. Siku ile kwa wakala, karani aliniuliza hati iandikwe kwa jina la nani. Dhamiri ikanichoma, nikasema iandikwe jina la mke wangu. Niliona kwamba likiwemo jina lake, basi sijachukua hela zake, nimezihamisha tu kutoka kabatini kwenda angani. Na mara ya pili nikafanya vivyo hivyo.

Kadi imekuja kwa jina lake. Bahasha nzito, nembo ya dhahabu, mwanahisa mheshimiwa, mtu mmoja tu. Ilifika mchana nikiwa barabarani na muuza nyama. Niliporudi alikuwa amesimama mlangoni ameishika. Niliona mdomo wake ukisoma mstari wa mwisho, kisha akairudisha kwenye bahasha, akaitia mfukoni mwa aproni, akaenda kukanda unga. Alikanda saa mbili. Mkate wa jioni ile haukutafunika, na hakuna mteja aliyethubutu kuurudisha.

Hajaniuliza kitu. Nilikaa ndani ya gari mbele ya nyumba, nikajifundisha rivasi mimi mwenyewe mpaka giza likaingia. Jana nimemwona akipiga pasi lile gauni lake la sherehe. Naogopa, Sindano. Kwenye barua siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Mjomba wako


9 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii haijakaguliwa. Mkaguzi amesema siri imeshaonekana na watu mia mbili, hana tena cha kupaka wino.

Nimepata ruhusa ya kutoka, lakini Mama Mkate amenikataza kuja kwako. Amesema yatakayosemwa atayasema mwenyewe. Analala chumba cha wageni, anasubiri lori, nitakueleza lori la nini. Kwa hiyo leo navunja utaratibu wa bibi, naandika, ili akifika asikukute hujui hili wala lile.

Alifika mapema na gauni lake lililopigwa pasi, akakaa mstari wa mbele kati ya jenerali mmoja mnene na bibi mmoja mwenye hisa zake. Mkurugenzi alihutubia sana. Ndege ya kwanza ikapaa vizuri, watu wakapiga makofi, ikazunguka uwanja, halafu ikasita. Parachuti likafunguka, jeupe, limejaa upepo, mshono hata mmoja haukuachia. Likateremka taratibu, likatua juu ya hema la wageni waalikwa pamoja na ndege yake, hema lote likalala. Ya pili iliondoka uwanjani ikageuka, ikarudi moja kwa moja kwenye meza ya chai kama mtu aliyesahau kitu. Parachuti likafunguka, chai ikamwagika, hakuna aliyeumia. Ya tatu ilikataa kuondoka. Waliisukuma watu wanne, ikafungua parachuti ikiwa bado chini.

Hapo ndipo unapoona kwa nini tuko mafundi kumi na saba.

Jenerali alijitoa chini ya hema, akashika pindo la parachuti, akalivuta kwa mikono miwili, akauliza nani ameshona. Nikasukumwa mbele. Akasema yeye ndege hataki hata za bure, lakini maparachuti anataka mia nne, ya kuangushia unga na dawa sehemu ambazo barabara zimekatika na mafuriko. Wenzake nao wakaagiza. Mkurugenzi akatoa kalamu, akaanza kuandika.

Sasa Mama Mkate. Wakati wengine wanapiga kelele, alimwendea kijana wa mauzo aliyevaa tai, akamwuliza: "Hiyo ndege ikifika salama, inafanya nini?" Kijana akafurahi kupata mtu wa kumsikiliza, akafunua picha kubwa, kuna nyumba imezungushiwa duara jekundu, akamweleza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alimweleza vizuri sana. Mama Mkate akaitazama ile nyumba muda mrefu. Ilikuwa na kamba ya kuanikia nguo, mjomba, na nguo ziko juu yake.

Akasema, "Basi afadhali ianguke."

Halafu akauliza kama jina lake limo katika jambo hilo. Kijana akasema ndiyo mama, kwenye hati. Nilimshika Mama Mkate mkono. Kijana alimshauri asubiri, kwamba ndege zikirekebishwa hisa zitapanda mara tano. Akasema hataki zipande.

Mchana mkurugenzi aliwakusanya wenye hisa. Alisema kampuni inaacha ndege, inabaki na maparachuti, na anayetaka kujitoa atarudishiwa mali yake kwa vifaa, kwa sababu fedha taslimu hakuna. Watu wakakimbilia viti na kompyuta. Bibi yule wa mstari wa mbele alichukua trekta. Mkaguzi alichukua kabati la simu. Mama Mkate hakukimbia popote. Aliniomba nimwonyeshe karakana ya mabawa.

Sijui habari zake alizisikia kwa nani. Mabawa ya ndege hutengenezwa kwa kitambaa kigumu kilicholoweshwa gundi, kisha huokwa. Kuna tanuri, mjomba, la chuma, refu kuliko gari lako, lina milango miwili inayofunga barabara na saa ya kuonyesha joto. Alilizunguka mara tatu. Akaingiza kichwa, akanusa, akasema gundi itatoka kwa siki na moto wa siku tatu, na rafu zote atabadilisha. Akamwuliza fundi joto linatoka juu au chini. Fundi akasema pande zote. Akatoa chaki kwenye mkoba, akaandika jina lake ubavuni mwa lile tanuri kwa herufi kubwa, kisha akarudi kwa mkurugenzi akamkabidhi hati zote mbili. Ya kwanza aliiona chini ya tairi la akiba tangu mwezi wa nne, kumbe ndiko anakowekea ufunguo wa duka, na siku ya safari akazichukua zote.

Alijua muda wote, mjomba. Alikuwa anasubiri umwambie.

Mpwa wako,
Sindano


30 Septemba

Kwako mpwa wangu Sindano,

Marahaba, na hongera. Nimesikia umekuwa msimamizi wa mafundi wote, na kwamba mzigo wa kwanza umeshaangushwa na unga umefika mkavu. Nimejisifu mtaani mpaka wamenichoka.

Samahani kwa kimya. Nilikaa na kalamu mara nyingi.

Tanuri lilifika kwa lori. Mlangoni halikupita, kamba ile tuliyopimia haikusaidia kitu, kwa hiyo tulibomoa ukuta wa mbele wa duka. Alilisugua kwa siki siku tisa, akaliwasha siku tatu likiwa tupu, majirani wakafunga madirisha. Leo linatoa mikate mia mbili na arobaini kwa mara moja. Wanafunzi wangu wanaisambaza wakijifunza, mikate nyuma, mwalimu mbele, na nimegundua mtu aliyebeba mikate hakati kona ovyo. Muuza nyama amefumbua macho yote mawili. Bwana Mkaguzi wako amehamia huku, kazi yake imekwisha, anajifunza udereva kwangu. Anaendesha vizuri, ila kila kibao cha barabarani anasimama kukisoma hadi mwisho, na kimoja alikipaka wino.

Sasa lile jambo. Siku aliyorudi nilikuwa nimeandaa maelezo, nimeyaandika kwenye karatasi, nilianza na hali ya uchumi duniani. Alivua viatu, akakaa, nikampa chai. Akaniambia neno moja.

"Ungeniuliza."

Nikasema ningemwuliza angekataa. Akasema ndiyo. Basi. Hakuna kingine, Sindano, na mimi karatasi yangu nikaikunja. Ningependa kama angenitukana. Baada ya hapo wiki sita hakusema nami moja kwa moja. Aliwatuma wanafunzi: mwambieni mwalimu chakula kiko mezani, mwambieni mwalimu amekaa juu ya hamira. Nimeishi kwa ujumbe wa watu wanaofeli kuegesha. Nilikuwa naamka naye alfajiri, nabeba magunia, nafuta rafu, sisemi. Niliona aibu ambayo sikujua kama mtu wa umri wangu bado anaweza kuiona. Miaka minane aliweka zile hela mahali ninapopajua, kwa sababu hakuona haja ya kunificha.

Jana mchana alikuja hadi kwenye gari, akainama dirishani. Wanafunzi walikuwepo wawili, hakumtuma hata mmoja. Alisema bei ya unga inapanda mwezi ujao, akaniuliza tununue magunia mangapi.

Unanijua. Nilikuwa na jibu tayari. Nilitaka kusema arobaini, nilitaka kumweleza habari za soko, kuna jambo nililisikia redioni. Maneno yalifika mdomoni, nikayafungia breki.

Nikamwambia, "Sijui. Wewe unaonaje?"

Muuza nyama akajifanya anarekebisha kioo. Mama Mkate akasema kumi na mawili. Tumenunua kumi na mawili.

Mjomba wako